Kupe Nyuma ya Sikio

"Mzee wa vidole vingi, kiganja hana."

Tumsifu aliinua uso kutoka kwenye karai, maji yakimchuruzika viwikoni. Akakitazama kile alichokuwa anakiosha, akacheka.

"Bibi nawe! Si huyu hapa mkononi? Tangawizi!"

"Umenishinda," alisema Bibi Nakundwa. "Haya, tega na wewe."

"Kitendawili."

"Tega."

"Kanipanda kichwani, hali, hanywi, wala hashuki."

Bibi alikuna shavu kwa mgongo wa mkono wenye udongo, akajifanya anatafuta mbali. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Moshi."

"Moshi nimefika, nimekula ndizi nikashiba, na nyingine nimefunga za njiani. Jibu ni kupe wangu!" Akageuza kichwa amwonyeshe, kana kwamba bibi hajawahi kumwona huyo kupe.

Kilikuwa kidude cha kahawia, kidogo kama punje ya haragwe, kimebanwa kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto. Kliniki ya masikio walikuwa na jina lao refu la kukiita, lakini kijijini, huku juu milimani Upare, mtu akiona kitu kimeng'ang'ania nyuma ya sikio atakiita nini kingine? Kupe.

Kabla ya kupe, maneno ya watu yalimfikia Tumsifu kama mvua juu ya bati. Masikio alikuwa nayo mazima. Kijiko kikianguka aligeuka, mbuzi akilia alimfuata. Ila ukimwita jina lake alikutazama tu, uso mtupu, mpaka ukaona aibu wewe uliyemwita. Sasa alikuwa anaelekea miaka saba na mdomo wake haufungwi. Na kwa kuwa maneno yote aliyapata kwa bibi, aliongea kama kikongwe. "Mie mgongo leo umeamka vibaya," aliwaambia wanawake kwenye mashine ya kukaushia tangawizi, nao wakashikana mabega kwa kicheko. Lakini wakimjibu, alimgeukia bibi aambiwe wamesema nini. Sauti zao zilikuwa bado mvua. Sauti moja tu ndiyo iliyokuwa maneno, nayo ni ya Bibi Nakundwa.

Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Elieshi, mama yake Tumsifu, mjane wa marehemu Mbazi, aliyekuwa mtoto wa pekee wa Bibi Nakundwa. Elieshi alifanya kazi chini tambarare kwenye mitambo ya jua, na mlimani alipanda siku za mapumziko tu.

Bibi akakausha mikono, akasikiliza. Tumsifu naye akasogeza kichwa kwenye simu, akisikiliza mvua ya mama yake.

"Shikamoo Mama. Nyumba nimepata. Kitanda cha Tumsifu nimekiweka dirishani, atakuwa anauona mlima wenu. Shule inafunguliwa, na mwalimu amekubali kumpokea na kupe wake. Nimekwenda kliniki kuuliza kama hakuna namna ya yeye kunisikia na mimi, na Bwana Mgonja amesema atapanda nami Jumamosi aeleze mwenyewe. Basi mwambie afunge begi, nakuja kumchukua. Mwambie kila jioni najifunza kuongea polepole kama wewe. Mwambie naogopa asije akanisahau... hapana, hilo usimwambie. Mwambie hayo mengine."

Simu ikanyamaza.

"Kasemaje?" Tumsifu aliuliza.

Bibi alichukua tangawizi nyingine, akaanza kuisugua palipokwisha kusuguliwa.

"Mama yako anakusalimu."

"Maneno yote hayo, kusalimu tu?"

"Watu wa tambarare, mjukuu wangu, salamu zao ndefu."

Mtoto akaridhika, akarudi kwenye karai. Bibi akaendelea kusugua mpaka ganda likatoka na nyama ya ndani ikaonekana, njano, na harufu yake ikampanda puani ikamliza machozi. Tangawizi hutoa machozi, nani asiyejua. Basi akajiambia ni tangawizi.

*

Jumamosi gari la kliniki lilipanda kona za mlima taratibu, halina dereva, likisimama lenyewe kuwapisha mbuzi. Elieshi aliruka kabla halijatulia. Alikuwa na viatu vipya vya mtoto vimefungwa pamoja kwa kamba zake, vinaning'inia shingoni kama mkufu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Jua la kule halina huruma." Akachuchumaa, akamkumbatia Tumsifu, akamnusa nywele. Tumsifu alimkubali, kwa adabu, kama mtoto anavyomkubali mgeni mwenye zawadi. Kisha Elieshi akatazama huku na huku barazani. "Begi lake liko wapi?"

Bibi akaanza kupangusa kiti cha mgeni kwa pindo la kanga.

"Mama, mwambie alete begi. Lile nililokuambia kwenye ujumbe."

Sasa hapo pangeweza kufichwa nini? Elieshi alikuwa amesimama palepale, na kila neno ambalo bibi angetamka angelisikia. Bibi akamgeukia mtoto.

"Tumsi, mama yako anasema ulete begi."

"Begi?" Mtoto alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Begi la nini, Bibi? Kwani leo mnada?"

Bwana Mgonja wa kliniki, aliyekuwa anashusha kisanduku chake, akaamua kukishusha polepole zaidi.

"Hukumwambia," Elieshi alisema.

"Nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unamsalimu."

"Na kuhusu nyumba? Kitanda?"

"Nilimwambia unamsalimu."

Elieshi alikaa kwenye ngazi ya baraza. Alianza kuzivua zile kamba za viatu shingoni, zikamnasa kwenye hereni, akaziacha. "Mama. Ule ujumbe niliotuma nikiwa hospitali, homa imenishika, nikasema mengi kwa sababu nilidhani sitaamka. Ule nao?"

"Ule nao."

"Na nilipoimba?"

"Elieshi mwanangu..."

"Nilipoimba, Mama!"

"Nilimwambia unamsalimu."

Tumsifu, aliyekuwa hajui lolote, alishika viatu vilivyokuwa vinamning'inia mama yake kifuani, akavinusa ndani. "Vinanuka duka," akatangaza. "Mie vidole vyangu vya gauti, sijui kama vitaingia."

Hakuna aliyecheka.

*

Bwana Mgonja alikunywa uji wake wote kwanza. Alikuwa kijana wa bonde la pili, si daktari, na watu wakimwita daktari aliwarekebisha bila kuchoka.

"Bibi, leo zamu ya maji ni ya nani?" aliuliza.

"Yangu. Jua likifika juu ya ule mgomba, ndiva inafunguliwa, maji yanashuka kwetu." Ndiva ni lile bwawa la mawe walilojenga mababu, na kila nyumba ina saa yake ya kupokea maji.

"Ukifungua lango la shamba lako mapema?"

"Mfereji mkavu. Nafungulia vumbi?"

"Ukichelewa?"

"Maji yamepita, yako kwa jirani."

"Basi Mama Tumsifu, sikiliza na wewe, maana kule kliniki nilikueleza kwa maneno ya kitabuni." Akaweka kikombe chini. "Ubongo una mawimbi. Yanapanda na kushuka wakati wote, hata sasa. Na mtu anaposema, maneno yake hayamwagiki kama maji ya ndoo. Yanakuja vipande vipande, ta-nga-wi-zi, kama vinne au vitano kwa sekunde moja. Kwa mtu mzima wa afya, mawimbi yanalifuata lile pigo la msemaji. Kipande kinapofika, wimbi limeinuka, lango liko wazi, kinaingia. Akiongea haraka, nayo yanaharakisha. Sisi hatujui kama tunafanya hivyo. Sasa Tumsifu mawimbi yake hayakuwa yanamfuata mtu. Maji yanakuja, lango limefungwa. Lango linafunguka, maji yameshapita. Kupe anachofanya ni kumsukuma kidogo, kwa umeme usioweza kuua hata sisimizi, ili lango lifunguke kwa saa yake."

"Saa ya bibi yake peke yake," alisema Elieshi.

"Hapo ndipo tulipokosea." Mgonja alikuna kidevu. "Kupe anafundishwa. Tulisema kila mtu nyumbani achukue zamu ya kuongea na mtoto, ili ajifunze kufuata pigo la yeyote. Lakini hapa nyumbani kulikuwa na nani? Bibi alichukua zamu zote. Na akachukua kwa vitendawili."

"Alivipenda," bibi alisema kwa sauti ndogo.

"Vilimsaidia, sikatai. Kitendawili, tega, kitendawili, tega. Ubongo unajua kitu kinakuja lini, unakisubiri mlangoni. Lakini kupe ametengenezwa mbali, na watu wasiojua michezo yetu. Ameambiwa: tazama mawimbi ya mtoto yanalegea na kukubali kwa sauti ipi, ishike hiyo. Na mtoto anayeshindwa kitendawili hufanya nini? Anacheka, anajisalimisha, anasema nakupa mji. Kila siku, miji na miji. Kupe hakuambiwa kwamba mtoto anacheza. Aliona mtoto anajitoa kwa sauti moja, akaifungulia mlango hiyo tu. Hilo si kosa la Bibi."

Angeishia hapo pangekuwa na nafuu. Ila Elieshi alikuwa ameshika neno.

"Lipi basi ndilo kosa la Bibi?"

Mgonja akatazama kikombe.

"Huyu kijana aliniambia kupe anafungulika," bibi alisema mwenyewe. "Masika yaliyopita. Alisema mwiteni mama yake, tumfungue. Nikamwambia tusubiri, mtoto hajakomaa."

"Na mimi huku naambiwa haiwezekani."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mama? Nimekukosea nini?"

Bibi Nakundwa alitamani angekuwa amekosewa kitu. Mtu aliyekosewa ana pa kushika. Huyu mkwe alimzika Mbazi pamoja naye, akashika upande mmoja wa jeneza kwa macho makavu ili mama mtu apate nafasi ya kulia. Alipanda kila mapumziko na sukari na dawa za magoti. Basi bibi akasema kweli, nayo ilikuwa fupi: "Alipoanza kunisikia, na wengine hawasikii, nilijiona nina mtu."

"Na akifunguliwa?" Elieshi alimgeukia Mgonja.

"Pigo la bibi tunalifuta, maana ndilo linalovuta wimbi lisiwafuate wengine. Tunaanza na lako. Kisha, polepole, walimu, watoto, hata mimi na sauti yangu ya chura. Sauti ya bibi itakuwa ya mwisho kurudi." Akasita. "Inaweza kurudi. Inaweza isirudi. Sitaki kukudanganya, Bibi."

"Wewe hujadanganya mtu," bibi alisema.

*

Jua lilipofika juu ya mgomba alimshika mtoto mkono wakaenda kufungua lango la shamba. Mgonja alikuwa anaandaa mitambo yake sebuleni. Ilikuwa saa yao ya mwisho, na Elieshi, pamoja na yote, aliwaachia. "Nenda naye," alisema. "Lakini mwambie, Mama. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, wakati bado anakusikia."

Maji yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake. Tumsifu alikaa ukingoni, miguu ndani ya mfereji.

"Tumsi."

"Naam, mke mwenzangu."

Bibi alimfundisha huo utani mwenyewe, bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana hivyo, na siku zote ulimchekesha. Leo ulimchoma.

"Kuna jambo nataka kukuambia. Mama yako..."

"Ananisalimu," mtoto akamalizia. "Najua."

Ndivyo alivyojibiwa. Palepale angeweza kusema: hapana, si salamu, mama yako alikuimbia, nami nikaukunja wimbo wake kama kitambaa nikauweka mfukoni. Maneno yalikuwepo, yamepanga mstari kooni. Aliutazama ule uso, paji la Mbazi, nyusi za Mbazi, na macho yanayomwamini kuliko yanavyoamini jua. Akafikiri: kumbukumbu yake ya mwisho ya sauti yangu ndiyo iwe hiyo?

Halafu kikaja kitu kibaya zaidi. Akafikiri: asipojua, hatanichukia.

"Bibi, unatega au hutegi?"

"Kitendawili," alisema Bibi Nakundwa.

"Tega!"

"Ukimpa mwenzako, hakikupungukii. Ukimnyima, wewe ndiye unayekonda."

Mtoto alifikiri mpaka akatoa ulimi nje. Alisema moto, akasema mbegu, akasema usingizi. Mwisho akasema ameshindwa, akampa bibi Tanga, na bibi akasafiri Tanga kwa maneno, akala samaki, akarudi. Jibu ni neno, akamwambia. Neno la mtu. Tumsifu akasema hicho kigumu mno, atakitega kwa watoto wa shule siku akienda shule.

Maji yakajaa shambani. Bibi akafunga lango. Alikuwa hajasema kitu.

*

Sebuleni Mgonja aliweka masharti yake. Mtoto akae katikati. Mama akae mbele yake, magoti yagusane. Bibi akae pale mtoto atakapomwona, asije akadhani ametupwa, lakini mpaka kesho asubuhi asitoe sauti mbele yake. Asiimbe, asigune. "Neno moja tu, Bibi, na wimbi litakurudia kama mbwa anayejua njia ya nyumbani. Na nikimfungua mara ya pili sijui kitabaki nini cha kufungua."

Bibi alikwenda jikoni, akachukua kipande cha tangawizi mbichi, akakiuma katikati ya meno, akarudi kukaa.

Mgonja akagusa kioo chake laini kama kitambaa, kinachomwongoza kupe. Taa ndogo kwenye kupe, ambayo siku zote ilikuwa kijani, ikazimika, ikawaka nyekundu.

Elieshi alianza kusoma karatasi waliyopewa na kliniki. Habari za ng'ombe mweupe na kisha ng'ombe mweusi, maneno ya majaribio. Uso wa Tumsifu ukawa mtupu. Bibi aliufahamu utupu ule, aliuishi miaka. Mtoto akageuka.

"Bibi, kasemaje?"

Bibi akauma.

"Bibi? Mama anasema nini? Bibi, niambie!"

Elieshi aliongeza sauti, kisha akapunguza, kisha akaanza kuharakisha kama wafanyavyo watu wenye hofu. Mtoto alishuka kwenye kiti, akaja akashika magoti ya bibi, akayatikisa. "Mbona huniambii? Nimekukosea? Bibi, nimekukosea nini?"

Hayo maneno bibi aliyasikia kwa mara ya pili siku ileile, na vinywa vilivyoyasema ni viwili tofauti. Neno moja lingetosha. Tumsi. Hata nusu yake. Mtoto angenyamaza, dunia ingerudi mahali pake, Mgonja angefunga kisanduku, Elieshi angeshuka na viatu vyake. Tangawizi iliunguza ulimi, machozi yakamjaa, mate yakamjaa, na Bibi Nakundwa akamshika mtoto mabega, akamgeuza, akamsukuma arudi kwa mama yake.

Katika vyote alivyomfanyia mjukuu wake, tangu kumwogesha akiwa na siku moja, hakuna kilichohitaji nguvu kama kule kumsukuma.

Elieshi alimpokea. Akaikunja ile karatasi ya ng'ombe, akaitupa chini. Hakuwa mtu wa vitendawili, alikulia kwenye kambi za wafanyakazi wa reli, mahali ambapo watu walitwishana mizigo, si kutegana mafumbo. Lakini aliweka kiganja juu ya meza, akapiga, pigo moja kwa kila kipande:

"Ki-te-nda-wi-li."

Mtoto alikuwa analia. Na katikati ya kulia, mdomo wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukajibu: "Tega."

Mgonja akainua kichwa.

"Nina kisima uani kwangu," Elieshi alisema, akipiga meza. "Maji yake nakunywa kwa kikombe cha jirani."

Uso mtupu. Akarudia. Mgonja akasogeza kidole kwenye kioo, kidogo, kidogo. Akarudia tena, kiganja kikipiga, polepole, ule upolepole aliojifunza jioni zote peke yake.

"Kisima," Tumsifu alisema.

"Ndiyo."

"Kisima... jirani?" Akafuta kamasi kwa mkono. Alikuwa anamtazama mama yake mdomoni kama mtu anayetazama mlango ambao siku zote alidhani ni ukuta. "Sijui. Nimeshindwa."

"Nipe mji," alisema Elieshi. Sauti ilimtetemeka, lakini hakuharakisha.

Mtoto alimgeukia bibi. Hakuuliza kwa maneno. Aliuliza kwa macho, kama mtoto aulizavyo kabla ya kuchukua kitu kwenye sahani ya watu.

Bibi Nakundwa akaitikia kwa kichwa: mpe.

Tumsifu alifikiri. Miji yote mikubwa alishampa bibi. "Nakupa hapa," akasema. "Nakupa kwetu."

Taa ya kupe ikawa kijani.

"Hapa nimefika," Elieshi alisema, na hapo akashindwa kuendelea na safari, akamvuta mtoto mapajani. "Jibu ni wewe. Kisima ni wewe."

"Na jirani?"

Elieshi alimwegemezea kidevu utosini, macho yake yakaenda mbali, nje ya mlango, kwenye shamba lililolowa.

"Mama," mtoto alisema baada ya muda, "sauti yako kama ya mtu anayekimbizwa."

*

Asubuhi gari lilikuwa limegeuka tayari kushuka. Begi lilikuwa ndani, na viatu vilikuwa miguuni, vidole vya gauti vimeingia bila matata. Tumsifu aliongea na mama yake tangu alipoamka, akimuuliza habari za kitanda, dirisha, kama kuna mbuzi, kama walimu huwa wanachapa. Bibi alisikiliza yote kutoka jikoni, kimya, akichemsha chai.

Mgonja alimfuata. "Sasa unaweza, Bibi. Nataka tuone sauti yako imesimama wapi kwake. Sema lolote, lisiwe fupi sana."

Bibi alitoka barazani. Akachuchumaa mbele ya mjukuu, magoti yakalia. Ulimi wake ulikuwa bado na vidonda vya tangawizi.

"Tumsifu," alisema. "Mama yako hakuwa anakusalimu. Alikuambia ana nyumba, ana kitanda dirishani. Alikuambia anakuja kukuchukua. Alipougua alikuambia wewe ndiye uliyemfanya atake kupona. Alikuimbia wimbo wa baba yako, nami nilikuwa naujua, ningeweza kukuimbia, sikukuimbia. Mimi ndiye niliyekunyima. Nilikudanganya kwa sababu nilikutaka peke yangu. Jana ulinisikia nami nikakutegea kitendawili. Nisamehe, mke mwenzangu."

Tumsifu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua ili ajue kama itakatika. Halafu akageuka, akashika gauni la mama yake.

"Mama. Bibi kasemaje?"

Mgonja alishuka ngazi, akaenda kulitazama gurudumu lisilo na tatizo.

Elieshi na Bibi Nakundwa walitazamana juu ya kichwa cha mtoto. Bibi alijaribu kusoma uso wa mkwe wake, kama ni huruma ile au ni kisasi, hakupata. Alichosikia ni sauti ya polepole, yenye pigo zuri, iliyofunzwa jioni nyingi.

"Bibi yako anakusalimu."

"Maneno yote hayo, kusalimu tu?"

"Watu wa milimani, mwanangu," alisema Elieshi, "salamu zao ndefu."

Mtoto akaridhika. Akamgeukia bibi, akamshika mikono yote miwili, akapaza sauti kama watu wanavyompazia kiziwi: "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba," alisema Bibi Nakundwa.